Wilikapu za kiwandani au spoti rimu: mwongozo kwa mwenye Beetle au Mercedes W123

Kijana mmoja muuza spea alinisimamisha kwenye mataa, akaizunguka Beetle yangu kwa macho, akasikitika. "Mzee, gari zuri, ila miguu imelala." Alikuwa na seti ya rimu za inchi 17, nyeusi, ukingo unang'aa, na bei aliyotaja haikuwa mbaya. Nikamuuliza PCD yake, yaani kipenyo cha duara linalopita katikati ya matundu ya boliti, ni ngapi. Akacheka. "Hizi zinaingia tu, mzee. Fundi anafunga."

Magari mengi ya kale yameharibiwa na hilo neno "zinaingia tu". Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili usije ukasema nimekuzunguka: fufua kwanza rimu za chuma na wilikapu ulizozikuta kwenye gari, zifunge, kaa nazo mwezi mzima. Ukiona bado roho inataka spoti rimu, nunua, ila kwa kupima. Nimeishi na kobe huyu, yaani Beetle yangu, wa boliti tano na W123 ya dizeli, na maelezo yangu mengi yatatoka kwa hao wawili. Vipimo unaweza kuvihamishia kwenye gari lolote.

Kwanza nieleze kwa nini ile rimu ya kawaida isidharauliwe. Tairi la Beetle ni jembamba na refu, na wilikapu yake ndogo ya kubinuka inarudia mkunjo wa boneti na wa madigadi. Ukiweka rimu pana yenye tairi fupi, gari linaonekana limevaa viatu vya kaka yake. Kwenye W123, iliyotengenezwa kuanzia mwishoni mwa 1975 hadi mwanzoni mwa 1986, wilikapu ilipakwa rangi ileile ya bodi, nyota ikakaa katikati. Ukiiona Mercedes ya kijani kibichi yenye wilikapu za kijani kibichi, unajua aliyeichora hakuisahau sehemu ya chini.

Hata Wamarekani, wanaopenda rimu za kung'aa kuliko watu wote, wana kundi linaloabudu wilikapu duni. Wao kwa utani huziita bakuli la mbwa, kwa kuwa ukiigeuza unaweza kumwekea mbwa maji. Chevrolet Camaro ZL1 za mwaka 1969 zilikuwa 69 tu, zenye injini ya aluminiamu ya lita 7, na kwa kawaida ziliondoka kiwandani na rimu za chuma na vibakuli hivyo, kwa sababu mnunuzi alilipia injini na mapambo hakuyataka. Leo mtu akilipata gari la namna hiyo anahangaika kutafuta vibakuli vilevile ambavyo wenzake walivitupa.

Kwetu hoja nzito zaidi ni barabara. Rimu ya chuma ikigonga shimo hupinda, na ukingo uliopinda hunyooshwa kwa nyundo. Rimu ya aloi iliyomiminwa kwenye kalibu ikigonga shimo lilelile inaweza kupasuka, na ufa wenyewe pengine hauuoni mpaka tairi lianze kupungua upepo kila asubuhi. Beetle ilishinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962, kwenye tope na mawe ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Hiyo ni enzi ya rimu za chuma, na zilipopinda zilinyooshwa.

Hatua ya kwanza: jua gari lilizaliwa na nini

Usimuulize aliyekuuzia. Toa tairi, futa vumbi kwenye rimu, tafuta maandishi yaliyogongwa kwenye chuma. Kwenye Beetle utakuta kitu kama 4J x 15: upana wa inchi 4 kati ya kingo mbili zinazokalia tairi, umbo la ukingo aina ya J, kipenyo cha inchi 15. Mara nyingi pana mwezi na mwaka pia, na hapo ndipo utakapojua kama rimu zako nne ni ndugu au zimeokotwa kwenye magari manne. Kwenye W123 ya kawaida utasoma 5½J x 14 H2 na ET30. H2 maana yake kuna matuta mawili ya ndani yanayozuia tairi lisichomoke kwenye kiti chake upepo ukipungua. ET ni ofseti, nitaifikia.

Hesabu matundu ya boliti. Beetle za zamani zina boliti 5 kwenye duara pana la milimita 205, ndiyo maana katikati ya rimu zake pana tundu kubwa kama sufuria. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 nyingi zilihamia boliti 4 kwenye duara la 130. W123 ina boliti 5 kwenye 112. Andika namba hizi kwenye simu, maana muuza spea atakuuliza, au wewe utamuuliza yeye anyamaze.

Hatua ya pili: kutoa wilikapu bila kuiua

Wilikapu nyingi haziharibiwi na mashimo wala matuta. Zinaharibiwa na bisibisi la siku ya pancha. Fundi anachomeka bisibisi sehemu moja, anakandamiza kwa nguvu zote, wilikapu inaruka na ukingo umeshapinda. Siku ya pili haikai, siku ya tatu imebaki barabarani.

Chukua wenzo bapa, ukunje kitambaa kwenye ncha. Ingiza kati ya wilikapu na rimu, sukuma kidogo, hamia upande wa pili, sukuma kidogo, hamia tena. Itatoka yenyewe. Volkswagen walitoa kulabu ya waya mnene kwenye mfuko wa spana kwa kazi hiyohiyo: unaipenyeza kwenye vitundu vidogo vya ukingoni na kuvuta. Kama kulabu yako ilipotea enzi za mwenye gari wa kwanza, pinda waya wa milimita 4, inatosha.

Kwenye Beetle ukitoa wilikapu za mbele utakuta moja ya zile kofia za grisi ina ncha ya waya mdogo wa pembe nne imejitokeza katikati. Huo ndio waya wa spidomita. Beetle inasoma mwendo kutoka kwenye gurudumu moja la mbele, si kwenye giaboksi. Usiugonge, na ukumbuke kuwa upo, kwa sababu tutaurudia.

Hatua ya tatu: rimu yenyewe

Panga gari juu ya stendi, jeki peke yake isiaminiwe. Zungusha gurudumu kwa mkono huku umeshikilia penseli juu ya tofali, ncha ikikaribia ukingo wa rimu. Pengo likifunguka na kujifunga kwa zaidi ya milimita 2 hivi, rimu imepinda, na mashine ya kubalansi haitakuponya. Itakuongezea vizito vya risasi tu. Ukingo hunyooshwa ukiwa baridi. Fundi akiwasha gesi kuichoma, mwambie asante, chukua rimu yako uondoke.

Kisha kagua matundu ya boliti kwa taa. Tundu likiwa limevutika na kuwa kama yai, au pana nywele ya ufa kutoka tundu hadi tundu, rimu hiyo imekufa. Haichomelewi. Igeuze kuwa kitako cha mwavuli wa bustani.

Zilizopona zipige msasa au zipelekwe kwa wapiga mchanga, zipulizwe prima kisha rangi. Rangi isiwe nene kwenye viti vya boliti, pale boliti inapokalia rimu, wala kwenye uso unaokutana na habu, kile kitovu cha gurudumu ambacho rimu hufungwa. Rangi nene pale husagika baada ya siku chache, unene unapotea, boliti inabaki imelegea huku ukijua uliikaza. Mimi hubandika utepe wa karatasi kwenye viti vile kabla ya kupuliza.

Neno moja la tairi: rimu za zamani ambazo hazina matuta ya ndani zifungwe tairi na tyubu. Vijana wa gereji watakucheka. Acha wacheke.

Hatua ya nne: kufufua wilikapu

Geuza uangalie mgongo. Mgongo ukiwa na kutu, ni chuma kilichopakwa kromu. Ukiwa unang'aa kama uso wake, kuna uwezekano mkubwa ni chuma kisichoshika kutu, na hapo una bahati: mikwaruzo yake inaweza kupigwa msasa laini wa maji, 800, 1200, 2000, kisha ikang'arishwa kwa dawa ya kusugulia vyuma. Kromu haipigwi msasa hata kidogo. Ni ngozi nyembamba. Ukiipitisha msasa umeivua. Vidoa vya kutu juu yake visugue kwa kipande cha foili ya jikoni kilicholowa maji. Foili ni laini kuliko kromu lakini inakula kutu, na utashangaa. Kromu iliyokwisha kumenyuka haina dawa ya nyumbani. Ama upeleke kupakwa upya, na wanaoifanya vizuri si wengi, ama utafute nyingine.

Mbonyeo mdogo huondolewa kutoka ndani. Laza uso wa wilikapu juu ya mfuko wa mchanga uliofunikwa kitambaa, gonga mgongoni kwa nyundo ya mpira au mpini wa mti, ukianzia pembezoni mwa mbonyeo ukienda katikati. Gonga mara nyingi kwa upole. Pigo moja kubwa linavuta bati, na bati lililovutika halirudi.

Wilikapu za W123 zinahitaji rangi, na hapa ndipo watu wanapokosea kwa kudhani rangi ya kopo yoyote itafaa. Namba ya rangi ya bodi ipo kwenye kibati mbele ya injini. Mpe mchanganya rangi namba hiyo, ila chukua na kifuniko cha tangi la mafuta umwonyeshe, maana bodi iliyokaa juani miaka 40 imeshapauka, na wilikapu mpya kabisa kwenye gari lililopauka zinapiga kelele.

Kama wilikapu yako haishiki, usikimbilie kuifunga kwa waya. Kwenye Beetle zinazoshika ni vishikizo vya chuma kwenye rimu, navyo huchoka. Vivute nje kidogo kwa koleo, sawasawa vyote, jaribu. Unapopachika, iweke sawa, kandamiza kwa viganja pembeni, mwisho gonga ukingoni kwa nyundo ya mpira. Usipige ngumi katikati. Nimeona wilikapu safi ikipata kitovu kwa ngumi moja ya furaha.

Kuhusu yale makava ya plastiki ya inchi 14 yanayoning'inia madukani: yanaingia kwenye W123, na W123 inageuka teksi ya uwanja wa ndege. Sina zaidi ya kusema.

Kwa wezi, chora namba ya gari kwa msumari upande wa ndani. Haizuii wizi, lakini siku utakapokwenda mtaa wa spea kununua wilikapu iliyopotea jana, utajua kama unanunua ya kwako mwenyewe.

Hatua ya tano: bado unataka spoti rimu?

Haya. Kwa W123 kuna njia moja ya heshima kabisa: rimu za aloi zilizotengenezwa na Fuchs ambazo Mercedes wenyewe waliziuza kama nyongeza. Wajerumani huziita Barock kwa sababu ya sura yake yenye mapambo ya kizamani. Ni za inchi 14, zimefuliwa kwa kushindiliwa na si kumiminwa, kwa hiyo zinavumilia mashimo kuliko nakala. Gari likivaa hizi hakuna atakayesema limebadilishwa. Kwa Beetle nakala za rimu za Fuchs za Porsche 911 ni nyingi, na zikikaa kwenye upana wa wastani zinapendeza, nakiri, ingawa zangu siziweki.

Kwa rimu nyingine zozote, pima mambo yafuatayo kabla pesa haijatoka mfukoni.

PCD ndiyo baba wa vipimo. Rimu ya matundu manne, pima kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya lile linaloliangalia. Ya matundu matano hakuna linaloangaliana na jingine, kwa hiyo pima kati ya matundu mawili yaliyo jirani, zidisha kwa 1.701. Ukipata milimita 65.8 kati ya majirani, hiyo ni 112. Ukipata 67.2, hiyo ni 114.3, na hapo ndipo dhambi kubwa ya gereji zetu ilipo. Rimu za Toyota za boliti tano zilizojaa kila kona nyingi ni 114.3. Ukizileta kwenye Mercedes ya 112, boliti zinaingia! Fundi anatumia nguvu kidogo, zote tano zinakaza. Lakini zimekaa kwa kuinama, zinabana upande mmoja wa kiti, na kila kilomita zinajilegeza. Tofauti ni milimita 2.3 tu. Inatosha kukuacha bila gurudumu.

Kiti cha boliti nacho hutofautiana. Boliti za Mercedes zina shingo ya duara kama mpira. Rimu nyingi za dukani zina kiti cha koni, na nyingine zinataka nati yenye washa bapa. Mpira ukikaa kwenye koni unagusa mstari mwembamba tu, wala hutaliona hilo kwa nje.

Urefu wa boliti: rimu ya aloi ni nene, inataka boliti ndefu kuliko ya chuma. Mimi hukubali boliti iliyozunguka kwa mkono angalau mara 7 kabla ya kukaza. Sasa sikiliza kinyume chake, kwa sababu wengi hawakijui. Ukiwa na aloi kwenye W123 na spea tairi imebaki ya chuma, usiifunge spea kwa boliti ndefu za aloi. Zitapita hadi ndani, na nyuma zinaweza kugonga vyombo vya breki ya mkono. Weka boliti tano fupi kwenye mfuko, uzifunge pamoja na spea. Usiku, mvua inanyesha, hutakumbuka aya hii, lakini mfuko utauona.

Ofseti ni umbali kati ya katikati ya upana wa rimu na uso unaokutana na habu. Namba ikipungua, tairi linatoka nje kuelekea madigadi. Ikiongezeka, linaingia ndani kuelekea shokapu. Wauzaji wa adapta watakuambia 205 inageuzwa kuwa 112 kwa kipande cha aluminiamu, na kweli inageuzwa, ila kipande hicho kina unene, na unene wote unasukuma gurudumu nje. Beringi inabeba mzigo kwa mkono mrefu zaidi, usukani unakuwa mzito, na ukipakia watu wanne tairi linaonja madigadi.

Mwisho ni kimo cha tairi lote, na hapa fanya hesabu badala ya kubahatisha. Tairi la 195/70R14 la W123 (upana milimita 195, ukuta asilimia 70 ya upana huo, rimu inchi 14) lina kimo cha milimita 629 hivi. Ukihamia 205/55R16 unapata 632. Vizuri, karibu sawa, ila ukuta wa mpira umeshuka kutoka milimita 137 hadi 113, na huo ukuta ndio unaokupokea shimo kabla ya shokapu. Beetle yenye 165R15 ina kimo cha kama 652. Zile rimu za kijana wa mataa, na tairi za 205/40R17 alizokuwa amezivisha, zingenipa 596. Gari lingeshuka karibu sentimita 3 kwa chini, na kwa kuwa spidomita inazungushwa na gurudumu lenyewe, ningesoma kilomita 88 kwa saa huku nikienda 80. Halafu kofia yake ya katikati ilikuwa bapa, haina nafasi ya ile ncha ya waya.

Hatua ya sita: kufunga

Sugua uso wa habu kwa brashi ya waya mpaka kutu yote iondoke. Kama rimu ni ya aloi na unaishi pwani, paka grisi ya shaba nyembamba sana kwenye uso wa habu, kwa sababu chumvi huigandisha aloi kwenye chuma mpaka siku ya pancha unapiga teke tairi kama punda. Nyuzi za boliti ziache kavu. Anza boliti zote kwa mkono, kaza kwa kuruka moja moja kama unachora nyota, shusha gari, malizia kwa spana ya torki kwa kipimo cha kitabu cha gari lako. Usiruhusu ile bunduki ya upepo ya kituo cha tairi imalize kazi. Inakaza kupita kiasi, na wilikapu yako itaficha boliti ambayo hata wewe hutaweza kuifungua njiani.

Rimu za zamani ulizozitoa zipake mafuta kidogo, zilaze ndani, wilikapu zake zikiwa zimefungwa magazeti. Usiuze. Atakayenunua gari lako baadaye atauliza ziko wapi kabla hajauliza injini.

Endesha kilomita 50, simama kivulini, acha zipoe, kaza tena. Kwa gari lenye wilikapu hiyo ina maana ya kuzitoa zote nne upya, kwa hiyo siku ya kwanza mimi huziacha kwenye buti, ambalo kwa kobe liko mbele, na naenda na boliti wazi. Nikishakaza mara ya pili ndipo nazipachika.